Nani Atakuja Kutengeneza?

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024, kabla sijamaliza chai, simu yangu iliita. Aliyepiga alikuwa karani wa ghala la chama kimoja cha wakulima wa ufuta huko kwetu Kilwa. Siku hiyo hakunisalimia kama kawaida yake. "Kaka, mfumo haufunguki," aliniambia. "Watu wamefika na magunia yao tangu alfajiri. Nifanyeje?"

Sababu niliijua. Siku moja kabla, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika, na intaneti ya nchi nzima ilikuwa inasuasua. Mfumo niliowajengea wakulima wale ulikuwa kwenye seva iliyoko Ulaya. Kutoka kwenye mizani hadi kwenye meza ya karani ni hatua nne. Lakini ili kilo za mkulima ziandikwe, ilibidi habari ivuke bahari iende na kurudi, na siku ile njia ya baharini haikuwepo. Hata mimi kwenda haikuwa rahisi, kwani mwanzoni mwa mwezi huohuo mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimeikata barabara kuu ya kusini pale Somanga.

"Andika kwenye daftari," nilimwambia. "Intaneti ikirudi utaingiza."

Nilikata simu nikaendelea na chai. Nilidhani nimetatua tatizo.

Wiki sita kabla ya hapo nilikuwa nimezima mfumo mwingine, ambao siku ile usingesimama. Uliandikwa na mzee mmoja wa Kilwa Masoko, mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye wote tunamwita Mwalimu tu. Alijifunza Perl miaka ya mwanzo ya 2000 kwa kitabu alicholetewa na nduguye kutoka Maskati, na programu yake ya ghala aliianza mwaka 2006. Ilikaa kwenye kompyuta moja ya mezani, ndani ya ofisi, chini ya meza ya karani. Lilikuwa faili moja la mistari elfu moja na mia nne hivi. Takwimu za wakulima hazikuwa kwenye hifadhidata. Zilikuwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila gunia lililopimwa, faili moja kwa kila msimu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona kazi za namna hii nieleze kidogo. Mwaka 1993, mtandao wa tovuti ulipokuwa bado mchanga, wataalamu wa kituo cha NCSA huko Illinois walitengeneza utaratibu ulioitwa CGI. Ni utaratibu rahisi mno. Mtu anapoomba ukurasa, seva inaiamsha programu, inaipa maelezo ya ombi, programu inachapisha jibu, kisha inakufa. Ombi linalofuata linaamsha programu upya, nayo haikumbuki chochote cha jana. Kila kinachopaswa kukumbukwa lazima kiwe kimeandikwa mahali. Perl, lugha ambayo Larry Wall aliitoa Desemba 1987, ilifaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu ilikuwa hodari wa kushughulika na maandishi. Wall mwenyewe alisomea isimu. Yeye na mkewe waliwahi kukusudia kwenda kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine hapa Afrika, waitungie namna ya kuandikwa, lakini afya haikuruhusu. Huwa nafikiri kuwa ndiyo maana Perl inaandikika kama mtu anavyozungumza, yaani kwa njia nyingi tofauti, na kila mwandishi na lafudhi yake.

Lafudhi ya Mwalimu ilikuwa ngumu kuisikia. Majina ya vigeu vyake yalikuwa ya Kiswahili kilichofupishwa: `$mkl` ni mkulima, `$gn` ni gunia. Hapakuwa na majaribio wala maelezo, na nakala ya akiba ilikuwa flashi aliyokuwa akienda nayo nyumbani kila Ijumaa. Mara ya kwanza kulifungua faili lile nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimefanya kazi Dar es Salaam miaka mitatu, na kazi yangu yote nilikuwa nimeifanya kwa fremuweki za kisasa. Nilimwona Mwalimu kama mtu anayekata mbao kwa panga.

Viongozi wa chama waliniita mimi kwa sababu nilikuwa mtoto wa nyumbani. Nikajenga mfumo mpya kwa React upande wa mbele na Node upande wa nyuma. Ulipendeza, una rangi, una michoro ya takwimu, na kila mkulima alipelekewa ujumbe wa simu badala ya karatasi. Nilipousimika, orodha ya vifurushi vya watu wengine ambavyo kazi yangu ilivitegemea ilipita mia tisa. Sikuwa nimesoma hata kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo halikunisumbua, kwa kuwa hakuna anayevisoma.

Siku ya kuuonyesha, wajumbe wa kamati walipiga makofi. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma, mkongojo katikati ya magoti. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, kazi nzuri. Nina swali moja. Huu ukiharibika na wewe haupo, nani atakuja kutengeneza?"

"Hautaharibika, Mwalimu," nilimjibu. "Na ukiharibika, vifaa hivi vinatumiwa na watu mamilioni dunia nzima. Jibu halikosekani."

"Haya," alisema, akashusha mkono.

Intaneti iliporudi vizuri, karani aliketi akanakili daftari la siku zote zile kuingiza kwenye mfumo wangu. Kurasa zilikuwa nyingi, na kwa siku mbili aliandika mpaka usiku. Katika kunakili aliruka mstari mmoja, wa bibi mmoja kutoka upande wa Miteja, magunia matatu, kilo 187. Mnada ukapita, malipo yakatoka, na jina lake halikuwepo.

Alikuja ofisini siku niliyokuwa nimekwenda kuangalia mfumo. Alikuwa na mjukuu wake aliyeshika kitochi chake. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi, akaeleza bila kupandisha sauti.

"Miaka yote nikileta ufuta hapa napewa karatasi. Naitia kwenye mkebe. Mwaka huu mkatuambia karatasi zimepitwa na wakati, tutaletewa ujumbe. Ujumbe haukuja. Nikasema labda wanaletewa wenye simu nzuri. Sasa mjukuu wangu, mimi ningejuaje kama mmenisahau?"

Mfumo wa Mwalimu ulikuwa na printa ya zamani yenye kelele, na kila gunia lilipopimwa, karatasi mbili zilitoka: moja ya ofisi, moja ya mwenye mali. Niliiondoa printa ile kwa sababu ilionekana vibaya na riboni zake zilikuwa taabu kupatikana. Sikujua kuwa nilikuwa nimeondoa ushahidi pekee ambao mtu asiyejua kusoma skrini alikuwa nao dhidi yetu. Bibi yule alilipwa baadaye, baada ya daftari kukaguliwa, wiki tatu zikiwa zimepita. Wiki tatu kwa mtu anayengoja pesa ya msimu mzima ni muda mrefu. Alikopa kwa majirani.

Tangu hapo nimekuwa najiuliza swali ambalo chuoni hatukulisoma: mtu anayejenga kitu ambacho wengine watakitegemea anawiwa nini na watu hao? Na je, upya wa kitu au ukale wake una uzito wowote katika deni hilo?

Jibu la kwanza linalokuja haraka ni kwamba ya kale ni dhahabu. Kwa muda nililishika jibu hilo, kwa sababu lilinipa adhabu niliyoona nastahili. Nikaenda kwa Mwalimu kumwomba radhi. Tulikaa barazani kwake baada ya swala ya alasiri. Nilipomwambia kuwa mfumo wake ulikuwa bora kuliko wangu alinikatiza.

"Usiseme hivyo. Hujui." Akanyamaza kidogo. "Mwaka 2013 mtu mmoja pale ofisini alijua kufungua yale mafaili yangu. Akawa anapunguza kilo kwa watu wawili watatu, anaongeza kwa mwingine. Kidogo kidogo. Sikuwa nimeweka alama yoyote ya nani kabadilisha nini. Niligundua kwa bahati, nikilinganisha na karatasi. Nikarekebisha usiku, peke yangu. Sikumwambia mtu."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu wangesema mfumo ni mbovu. Na mfumo ulikuwa ni mimi."

Sijasahau maneno hayo. Programu ile haikuwa na mlango wenye kitasa. Neno la siri lilikuwa limeandikwa waziwazi ndani ya faili. Mtu akiandika alama fulani kwenye kisanduku cha jina angeweza kuifanya seva itii amri zake. Kasoro za aina hii zilijulikana sana kwenye programu za CGI za miaka ile, na fremuweki za kisasa zimezifunga nyingi bila hata mjenzi kuzifikiria. Fremuweki ningeweza kuiambia iandike kumbukumbu ya kila badiliko, na mwizi wa 2013 angejulikana wiki ileile. Wakulima waliokuwa salama mikononi mwa Mwalimu walikuwa salama kwa sababu ya uaminifu wake na macho yake. Siku macho yale yangefumba, wasingekuwa na kinga yoyote. Hilo nalo ni deni ambalo halikulipwa.

Jibu la pili la haraka ni la wenzangu wa Dar. Wao wanasema kosa halikuwa la fremuweki, lilikuwa langu. Ningeweza kuweka seva palepale ofisini. Ningeweza kuandika programu inayofanya kazi bila intaneti na kupeleka habari mtandao ukirudi. Vifaa vya kisasa vinaruhusu yote hayo. Ni kweli, sina cha kubisha. Ila najiuliza kwa nini wazo hilo halikunijia. Sikulikataa baada ya kulipima. Halikunijia kabisa.

Nadhani ni kwa sababu kila chombo huja na nchi yake ndani. Aliyekitengeneza alikuwa amekaa mahali fulani, umeme wake haukatiki, bando lake halihesabiwi, simu yake ni ya mwaka huu. Hayo hayakuandikwa kwenye maelekezo, yamo kwenye mazoea. Ukifuata maelekezo hatua kwa hatua, mwisho wa hatua unajikuta umejenga nyumba inayoangalia barabara ya mtu mwingine. Baada ya mkasa ule nilisimama stendi ya Nangurukuru na simu ya bei ndogo, nikafungua ukurasa wangu wa kwanza kwa bando la kawaida. Ulikuwa na uzito wa zaidi ya megabaiti mbili, na ulichukua muda ambao basi la Lindi liliingia, likapakia, likaondoka. Ukurasa wa Mwalimu wenye habari zilezile ulikuwa kilobaiti tisa. Ule uzito wote nilioongeza ulikuwa unalipwa na mtu, na mtu huyo hakuwa mimi.

Agosti mwaka huohuo nilivuka kwenda Kilwa Kisiwani na wageni fulani. Nimekulia ng'ambo ya maji yale, na kama watoto wengi wa Masoko, magofu nilikuwa nimeyaona bila kuyatazama. Msikiti Mkuu ulianzishwa karne ya 11 na ukapanuliwa baadaye hadi ukawa na kuba zake. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331. UNESCO iliyaweka magofu ya Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na ikayaondoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati.

Siku hiyo nilizungumza na fundi mmoja mzee aliyewahi kushiriki ukarabati wa namna hiyo. Nilimuuliza kwa nini wanahangaika na chokaa wakati saruji inauzwa kila duka. Akanionyesha mahali kwenye ukuta mmoja.

"Saruji ni ngumu kuliko jiwe," alisema. "Jiwe la matumbawe ni laini, linapumua. Maji ya mvua yanaingia, maji ya chini yanapanda, yanatafuta pa kutokea. Chokaa inayaacha yatoke. Ukipiga saruji umeyaziba. Chumvi inabaki ndani, inalila jiwe. Kwa nje unaona ukuta mzima. Siku ukianguka, saruji iko palepale, jiwe ndilo limekwisha."

Nilimuuliza kama chokaa haina shida. Akacheka. Shida anazo nyingi: kuchoma matumbawe tanurini kunataka kuni nyingi, chokaa inataka kuzimwa na kulazwa muda mrefu ndipo itumike, na kila baada ya miaka lazima urudi upake tena. Matumbawe na mikoko navyo si vya kukata ovyo siku hizi, maana samaki wetu wanazaliwa humo. Kwa hiyo chokaa ya mababu nayo ilikuwa na gharama iliyolipwa na bahari. Fundi hakuwa anaitukuza. Alikuwa anasema tu kwamba ukuta ule unaijua chokaa, na kwamba chokaa ikiharibika, mtu wa hapahapa anaweza kuitengeneza.

Niliporudi kwenye boti nilielewa kidogo lile lililonisumbua. Tofauti kubwa ya chokaa na saruji kwenye ukuta ule wa kale ni kwamba chokaa inadai utunzaji, na saruji inaahidi kwamba unaweza kusahau. Ahadi ya kusahau inavutia sana. Nami niliwauzia wakulima ahadi hiyohiyo: hautaharibika, na ukiharibika jibu halikosekani. Kila fremuweki ninayoijua inajitangaza kwa namna hiyo, kwamba usijali kilichomo ndani, sisi tumeshajali kwa niaba yako. Mara nyingi ni kweli. Lakini anayejali kwa niaba yako yuko mbali, hakujui, na hana mkataba na bibi wa Miteja. Machi 2016 mwanaprogramu mmoja aliondoa kifurushi chake chenye mistari 11 tu kwenye hazina ya npm, na kazi za watu maelfu duniani zikashindwa kujengeka mpaka kiliporudishwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugomvi wake ambao wale maelfu hawakuhusika nao, na wengi wao hawakujua hata kwamba wanamtegemea.

Nisiwafanye watu wa Perl kuwa malaika. Desturi ya kuchukua kazi za wengine na kujengea juu yake waliikuza wao pia. Hazina yao, CPAN, ilifunguliwa mwaka 1995, miaka mingi kabla ya npm. Perl yenyewe ina fremuweki zake: Catalyst ilitoka 2005, Dancer 2009, na nyingine zimefuata. Hata Mwalimu hakuwa amejitegemea kama nilivyodhani. Programu yake ilitumia moduli ya Lincoln Stein iitwayo CGI.pm, ambayo kwa miaka mingi ilikuja pamoja na Perl yenyewe. Mwaka 2015, toleo la 5.22 lilipotoka, moduli hiyo iliondolewa kwenye kifurushi cha msingi, kwa hoja kwamba kulikuwa na njia bora zaidi. Kompyuta ya ghala ilipokufa mwaka 2019 na mpya ikasimikwa, programu ya Mwalimu ilikataa kuamka. Alipanda basi kwenda Dar es Salaam kuitafuta moduli ile mtandaoni, akarudi nayo kwenye flashi, na msimu haukukwama.

Nilipoisikia habari hiyo niliona kuwa mimi na yeye hatukutofautiana kwa kutegemea au kutokutegemea. Sote tulitegemea watu wa mbali. Yeye alijua anategemea nini, alijua pa kukipata, na alipanda basi. Mimi nilitegemea vitu mia tisa nisivyovijua, na kilipokosekana kimoja nikasema andika kwenye daftari.

Hapo ndipo nilipofikia, na sidhani kama ni mwisho wa safari. Naona swali la zamani au kisasa si swali la maadili hata kidogo. Ni swali la zana. Swali la maadili ni lile Mwalimu aliloliuliza mkutanoni, nami nikalichukulia kama hofu ya mzee: nani atakuja kutengeneza? Kitu kinachotegemewa na watu kina deni la kutengenezeka, na kutengenezeka na watu waliopo pale kinapoharibikia. Mfumo ambao ni mtu mmoja tu anayeuelewa haujalipa deni hilo, hata mtu huyo awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu atakufa. Mfumo unaoeleweka na watu milioni walio mbali nao haujalipa, kwa sababu hawatakuja. Na kuna deni la pili, ambalo nililijua kwa bibi yule: anayetegemea mfumo lazima abaki na kitu mkononi cha kuuhoji. Karatasi kwenye mkebe ilikuwa haki yake, nami niliifuta nikiita maendeleo.

Mtu anaweza kunipinga kwamba hoja hii ikifuatwa mpaka mwisho tusingejenga chochote. Hakuna anayeweza kutengeneza kila anachokitumia, hata karani hawezi kutengeneza kompyuta yenyewe. Nakubali. Ndiyo maana nasema deni, sisemi sheria. Deni mtu hulipa kadiri awezavyo, na la muhimu ni kujua kwamba analo. Nilipokuwa najenga mfumo wa kwanza sikujua kama nina deni lolote. Nilidhani kazi yangu ni kuwapa kitu kizuri.

Msimu uliofuata tulijenga tena. Sikurudi kwenye Perl, ingawa wako walionitania kuwa ningerudi. Yule karani amesoma Python kidogo chuoni, basi tukatumia Python, kwa sababu hiyo tu. Seva ni kompyuta ndogo iliyoko palepale ofisini, na kurasa ni za HTML ya kawaida zinazofunguka hata kwenye kitochi chenye kivinjari. Fremuweki tumetumia, ndogo, kwa ajili ya ile milango ambayo Mwalimu hakuiweka. Vifurushi vya watu wengine ni sita, na majina yake yamebandikwa ukutani pamoja na maelezo ya kila kimoja kinafanya nini. Kila badiliko la kilo linaandika jina la aliyelifanya. Intaneti ikiwepo, nakala inapelekwa nje. Isipokuwepo, kazi inaendelea. Na printa imerudi, ingawa riboni bado ni taabu kuzipata.

Mwalimu alikuja kutusaidia jambo moja ambalo mimi nisingeliweza. Alikaa na karani jioni nyingi wakisoma programu mpya mstari kwa mstari, yeye akiuliza maswali ya mtu asiyejua Python na karani akilazimika kuyajibu. Mahali alipokwama kujibu tuliandika upya mpaka akaweza. Siku moja niliwakuta wanabishana juu ya jina la kigeu, karani akitaka la Kiingereza, Mwalimu akitaka `gunia`, lote, bila kulifupisha. Mwalimu alishinda.

Bibi wa Miteja alileta magunia manne mwaka huo. Nilikuwepo. Karatasi ilipotoka aliikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga, halafu akaniangalia.

"Na hii mkiisahau?" aliniuliza.

"Njoo nayo, bibi," nilisema. "Hata kama mimi sipo."

Hakusema kama ameniamini. Karani wetu sasa anatafuta kazi Lindi mjini, na ana haki ya kuitafuta. Atakayekuja baada yake bado hatujamjua.